Karani Hatupi Karatasi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi moja: kuandika vipimo. Mama yake alimzungushia mteja futi kiunoni, akataja namba huku pini zikiwa mdomoni, naye binti akaandika kwenye daftari la mistari. Kifua, kiuno, urefu, mkono. Mama alijua kushona sare ya shule akiwa amefumba macho, lakini kalamu ilimsumbua. Herufi zake zililala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Za binti zilisimama.

"Ukikosea namba moja hapo," Mama alimwambia, "mtu atavaa suruali ya jirani yake."

Kabla chai haijapoa, kengele ya baiskeli ya Mjomba ililia mlangoni. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama, na karani wa baraza la mji. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote, kalamu mbili mfukoni, jalada kwapani. Yeye ndiye aliyemlea Mama baada ya wazazi wao kufariki, na cherehani ile iliyowalisha alimnunulia yeye. Ndiye pia aliyemfundisha binti kushika kalamu kabla hajaanza hata darasa la kwanza, na ndiye aliyempa jina ambalo sasa mtaa mzima ulilitumia. Karani.

"Karani wangu," alisema asubuhi hiyo, akifunua daftari la vipimo. "Itazame hii saba. Hata mimi siandiki saba kama hii."

"Usimvimbishe kichwa," Mama akasema, pini bado mdomoni.

"Ila nimeona karatasi kwenye takataka hapo nje, imekunjwakunjwa. Nani kaitupa?"

"Mimi, Mjomba. Ilikuwa imechafuka."

"Karani hatupi karatasi. Iliyochafuka, nyuma ya jalada. Iliyokosewa, nyuma ya jalada. Siku moja mtu atakuja kuiuliza."

Neno hilo alilisema mara nyingi kiasi kwamba Karani angeweza kummalizia. Mama alipenda kutania kwamba nyumbani kwa kaka yake, chumba kimoja chenye watu saba, kulikuwa na makaratasi mengi kuliko sahani.

Shuleni kwao chumba kilikuwa tatizo pia. Darasa la sita na la saba walisoma chumba kimoja, wamepeana migongo. Ubao mmoja mbele, mwingine nyuma, walimu wawili wakinong'ona kama wezi ili wasivurugane. Karani alikuwa wa la sita, na alijifunza hesabu za sehemu kwa macho na historia ya la saba kwa kisogo. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye shule nzima ilimwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa na maneno yake juu ya hilo.

"Mimi la saba nimeshalisoma kwa kisogo," alisema. "Siku ya mtihani nitakaa kinyumenyume."

Nyuma ya shule kulikuwa na uwanja mtupu, na kila mtu alijua ni wa nini. Baraza la mji lilikwisha kutenga fedha za kujenga madarasa manne pale. Mwalimu Mkuu alipita kila Ijumaa akihesabu hatua, kana kwamba uwanja ungeweza kupungua.

Basi Jumamosi moja wazazi waliitwa mkutanoni, pale pale uwanjani. Diwani wao alikuja, akasimama juu ya kiti cha mwalimu ili aonekane.

"Ndugu zangu, maendeleo yanakuja," alisema. "Madarasa yanakuja. Nyumba za gharama nafuu zinakuja. Kuna mtu hapa hataki nyumba?"

Nani angesema hataki? Nusu ya waliokuwepo walikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Watu wakapiga makofi, diwani akashuka.

Mjomba alikuwa ameweka meza pembeni, na juu yake kijisanduku cha wino kwa wasiojua kuandika. Akamwita Karani.

"Leo nakupa kazi ya ofisi. Ukurasa wa kwanza uwe wa kichwa peke yake: Orodha ya Waliohudhuria Mkutano wa Wazazi, na tarehe. Majina yaanzie ukurasa wa pili."

"Kila ukurasa niandike kichwa, Mjomba?"

"La. Majina tu, na namba. Tusipoteze nafasi."

Jambo hilo lilimkaa vibaya kidogo, kwa sababu hata daftari la vipimo lilikuwa na kichwa kila ukurasa. Lakini aliyesema ni Mjomba. Karani akakaa, akavuta kiti, akaanza.

Watu walipanga foleni. Fundi seremala alitia sahihi yenye mikia mitatu. Bibi mmoja alikataa wino usimchafue, akabembelezwa, akatia kidole kisha akajifutia kwenye shati la aliyembembeleza. Kila aliyeandikwa alichukua soda moja kutoka kwenye kreti, na hapo ndipo foleni ilipochangamka.

Wa mwisho alikuwa mama yake Redio, muuza mboga, aliyefika akiwa na pacha wake wa miezi tisa, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni. Mtaa ulimwita Mama Pacha.

"Karani, mwanangu, umeniandika?"

"Nimekuandika, Mama Pacha. Themanini na sita."

"Na hawa je? Hawakuhudhuria? Tena wamemsikiliza diwani kuliko baba zenu. Hao walikuwa wanasinzia."

Waliokuwa wakinywa soda wakacheka.

"Orodha ni ya wazazi," Karani akasema, taratibu.

"Waandike tu. Soda mbili zitamuua nani?"

Karani alimtazama Mjomba. Alikuwa akizungumza na diwani, mgongo umegeuka. Mama Pacha alisubiri. Akaandika majina kamili ya pacha, themanini na saba, themanini na nane. Mama Pacha akavishika vidole vyao, akavigusisha wino, akavibandika. Alama zilikuwa ndogo kama punje za dengu. Kisha akafungua soda moja, akampa Karani nusu. Ilikuwa baridi, na Karani aliinywa.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja wanafunzi walikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa uwanjani, na kamba imefungwa kutoka kigingi hadi kigingi. Walishangilia. Redio alijichagulia dirisha la kukaa. Mchana wakaja wanaume wawili na kibao, wakachimba shimo, wakakisimamisha. Redio ndiye aliyekisoma kwa sauti, na sauti yake ikapungua katikati.

"Eneo la Nyumba za Gharama Nafuu. Mradi wa Baraza la Mji."

Mwalimu Mkuu aliondoka bila hata kuvaa koti. Aliporudi jioni, wazazi walikuwa wamejaa getini.

"Nimekwenda barazani," alisema. "Sheria yao ni kwamba fedha za madarasa haziwezi kuhamishwa bila wazazi kuridhia kwa maandishi. Nikawauliza, nani karidhia? Wakanionyesha hati. Sisi wenyewe, themanini na nane, tumekubali uwanja na fedha viende kwenye nyumba."

Ukazuka mvumo kama wa nyuki.

"Mimi sijaridhia kitu," fundi seremala akasema.

"Sahihi yako ipo. Mikia mitatu."

"Nani kaandika majina?"

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu asiyependa kumtaja mtoto. "Mwandiko huo nimeusahihisha miaka mitatu," alisema. "Naufahamu."

Hakumtazama, lakini wengine wote walimtazama.

Kesho yake dawatini Redio alikuwa amevuta daftari lake mpaka ukingoni. "Karani wa kuuza shule," alisema. "Umepewa chumba cha ngapi?" Nyuma yao hata la saba waligeuka. Jioni mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa. Alimwambia Mama, "Nitarudi nikijua kama hapa mnapima nguo au mnapima viwanja." Mama alikikunja kitambaa, akakitoa, kisha akashona kipande cha khanga kuukuu ambacho hakikuhitaji kushonwa.

Neno hilo lilimnyima Karani usingizi siku mbili. Alipotoka shule Jumatatu, alikwenda barazani peke yake. Ubao wa matangazo ulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo kurasa zilikuwa zimepangwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipigwa chapa: "Sisi wazazi tuliotia sahihi katika kurasa zinazofuata tunaridhia..." Zilizofuata zilikuwa zake. Zile saba ambazo Mjomba alizisifu. Mistari yake. Bibi aliyekataa wino. Mwisho kabisa, punje mbili za dengu.

Akazunguka nyuma, akagonga mlango wa chumba cha makabati, ofisi ya Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Karani. Karibu ofisini kwako."

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Mjomba aliweka kalamu mezani, akainyoosha ilingane na ukingo. "Ukurasa upi?"

"Nilioandika mimi. Wa waliohudhuria."

Aliinuka, akafunga mlango. "Keti."

Karani hakuketi.

"Diwani ameniahidi nyumba namba nne," alisema. "Vyumba vitatu, jiko ndani. Unajua tunavyolala kwangu. Mkaza-mjomba wako anapika mlangoni, moshi wote kwa mtoto. Watu wanahitaji nyumba, Karani. Hilo si uongo."

"Na madarasa?"

"Yatakuja. Mwakani, au mwaka unaofuata."

"Watu wanasema mimi ndiye niliyewauza."

"Watasahau."

"Nitawaambia ni wewe uliyenituma."

"Sema." Hakukasirika. Alisema kwa upole ule ule aliotumia kumfundisha kushika kalamu. "Ila mwandiko ni wa nani? Karatasi haina masikio, haitasikia maelezo yako. Nilikuchagua wewe kwa sababu mwandiko wako hakuna anayeutilia shaka."

Kwa hiyo alichaguliwa. Karani alisimama akitazama zile kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anajiuliza, katika sifa zote zile za asubuhi, chai ikiwa mezani, ni ipi ilikuwa yake kweli, na ipi ilikuwa maandalizi.

"Kwaheri, Mjomba," akasema, kwa sababu adabu ilitangulia mdomo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Karani alieleza yote isipokuwa moja. Kisha akaona kwamba bila hilo moja hakuna kitakachosimama, akalieleza nalo: pacha, namba themanini na saba na themanini na nane, nusu ya soda.

Mama alichomoa pini moja moja kutoka kwenye kola yake, akazichomeka kwenye kijimto cha pini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema hatimaye. "Nimeshona nguo miaka kumi na sita, leo ndiyo naielewa methali hiyo." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Kaka yangu alininunulia cherehani hii, mwanangu. Alikaa mwaka mzima bila viatu vipya. Huyo huyo. Kama angekuwa mtu mwingine ningejua nimchukie vipi."

"Nisiseme, Mama?"

"Sijasema usiseme. Alhamisi baraza linakaa, na mlango uko wazi kwa wananchi. Lakini usiende kusema la mjomba wako ukaficha lako. Ukifika pale, anza na soda."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Kicheko hakimtoboi mtu."

Kabla ya hapo ilibidi kwenda kwa Mama Pacha, maana aibu ile ilikuwa ya watu wawili. Walimkuta akifunga mafungu ya mboga. Aliposikia, alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Unataka nisimame mbele ya baraza zima nionekane mwizi wa soda?"

"Ndiyo, Mama Pacha," Karani akasema. Hakujua namna nyingine ya kulisema.

Redio alikuwa mlangoni, amebeba pacha mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu alipojulikana, alikuwa amezimika. Alimtazama Karani, akamtazama mama yake.

"Mama, mwakani mimi ni la saba," alisema. "Nitageuka tu niangalie ubao wa nyuma. Chumba ni kile kile."

Mama Pacha alifunga fungu la mwisho, akalikaza kamba. "Alhamisi saa ngapi?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukumbi wa baraza ulikuwa na meza ndefu, na mwisho wa meza alikaa Mjomba akiandika kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mwalimu Mkuu aliomba kusema, akaambiwa hati ina sahihi na mambo yamekwisha. Ndipo Karani aliposimama, kwenye benchi la nyuma, mikono imeshika ukingo wa benchi la mbele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba waliotia kidole namba themanini na saba na themanini na nane waitwe."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika majina."

Mjomba aliacha kuandika. Mwenyekiti alifunua kurasa, akashusha miwani, akayasoma majina mawili kwa sauti.

"Wapo, Mheshimiwa," Mama Pacha akajibu kutoka nyuma. "Mmoja amelala."

Akaja mbele, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni. Aliyekuwa macho aliona kamba ya miwani, akaidaka.

"Hawa ndio wazazi?" Mwenyekiti akauliza, akijinasua.

"Bado, Mheshimiwa. Wana meno mawili mawili."

"Wameridhia nini hawa?"

"Waliridhia soda."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata madiwani wengine walicheka. Karani alisubiri. Kuandika vipimo kulimzoesha kusubiri mpaka mtu atulie ndipo apimwe. Kelele zilipokwisha, akaendelea.

"Niliwaandika mimi, na nilijua si wazazi. Niliwaandika ili mama yao apate soda mbili, na nusu ya moja nikanywa mimi. Hilo ni kosa langu, naomba radhi. Lakini soda zile zilikuwa za waliohudhuria, Mheshimiwa. Ndiyo orodha tuliyokuwa tunaandika. Hakuna mtu aliyeulizwa kama anaridhia fedha za madarasa ziende kwingine."

Diwani wao aliinuka. "Mtoto huyu amefundishwa. Hati ina ukurasa wa kwanza, umeandikwa wazi kabisa."

"Ukurasa huo umepigwa chapa," Karani akasema. "Wa kwangu niliuandika kwa mkono. Una kichwa na tarehe."

"Basi uko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kusema hajui, na pacha wangetosha kuwatia watu shaka. Alimtazama Mjomba, naye Mjomba alikuwa ameinamia karatasi yake. Kisogoni kulikuwa na mvi ambazo Karani hakuwahi kuziona, kwa sababu siku zote alikuwa mfupi kuliko yeye.

"Uko kwenye kabati la Mjomba," alisema. "Nyuma ya jalada. Karani hatupi karatasi."

Mwenyekiti aligeuka polepole kuelekea mwisho wa meza. Kabla hajasema neno, Mjomba aliinuka mwenyewe, akatoka. Walisikia mlango wa kabati, kisha droo. Aliporudi alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Haukuwa umekunjwa hata pembe. Aliuweka mbele ya Mwenyekiti, akarudi kwenye kiti chake bila kumtazama mtu, akashika kalamu. Kisha akaliandika na hilo katika kumbukumbu za kikao.

Siku hiyo hiyo ile hati ilifutwa. Ilikuja kujulikana kwamba baraza lilikuwa na kiwanja kingine muda wote, uwanja wa bohari ya zamani uliojaa magari mabovu, ila kukisafisha kulionekana kazi. Magari yakaanza kuvutwa, na nyumba zikapelekwa huko. Diwani alisema alipotoshwa na karani wa baraza. Aliyasema hayo mbele za watu bila kupepesa. Baraza likaunda kamati ya kumchunguza diwani huyo. Mjomba alisimamishwa kazi wiki ile, akawa anaandikia watu barua nje ya posta, juu ya kijimeza. Nyumba namba nne haikutajwa tena.

Kengele ya baiskeli haikulia tena mlangoni asubuhi. Mama alizoea kuweka vikombe vitatu, akawa anakirudisha kimoja rafuni. Mara moja kwa wiki alimtuma Karani kwa mkaza-mjomba na mfuko wa unga na nguo za watoto alizozirekebisha. Lakini yeye mwenyewe hakwenda.

Halafu uliitishwa mkutano mwingine, uwanjani pale pale, vigingi vipya vikiwa vimepigwa. Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Safari hii wazazi walitakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba madarasa yajengwe pale. Ikaulizwa nani ataandika. Watu walitazamana.

"Aandike yule yule," fundi seremala akasema. "Huyu ameshaungua, atapuliza hata maji baridi."

Karani akakaa mezani. Aliandika kichwa juu ya kila ukurasa, kurasa zote sita, na kila aliyefika alimsomea kichwa kabla ya kumpa kalamu. Foleni ililalamika kwa mwendo ule wa kinyonga. Mama Pacha alipofika, aliwainua pacha wote wawili.

"Na hawa?"

"Hawa wasubiri darasa la kwanza," Karani akasema, na Redio, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akalitangaza jibu hilo mpaka mwisho wa foleni.

Wa mwisho alikuwa Mjomba. Alikuwa na watoto watatu katika shule ile. Haki ilikuwa yake kama ya mwingine. Shati lilikuwa jeupe bado, ila mfukoni mlikuwa na kalamu moja. Alinyoosha mkono auchukue ukurasa.

"Karani," alisema, kwa sauti ya chini.

Karani aliuzuia ukurasa kwa kiganja. Herufi zilikuwa pale mbele yake, zimesimama.

"Soma kwanza kichwa, Mjomba," akasema.

Akasoma. Alisoma kwa sauti, mpaka tarehe. Kisha akatia sahihi.

Jioni walirudi nyumbani pamoja, Mama na binti, wakipita kando ya kamba mpya. Mama alisema kwamba amekuwa akifikiri.

"Jina la mtu na kidole chake ni amana," alisema. "Anayekupa amekuachia sehemu ya mwili wake. Mjomba wako hakuamka siku moja akaiba uwanja. Najua alianza mbali, na kitu kidogo, kama soda mbili, na hakuna aliyemuuliza. Wewe umeulizwa mapema, tena umejiuliza mwenyewe. Ndiyo tofauti yenu, sioni nyingine."

"Utamsamehe?"

Mama alitembea hatua kadhaa. "Kesho nitaweka vikombe vitatu," alisema. "Akija, atakunywa. Lakini daftari la vipimo nitalifunga kabla hajakaa."